Undead Nightmare: risasi ndiyo hela

Ingia kibanda chochote cha gemu Sinza, Temeke au Mbagala, utakuta runinga karibu zote zimeshikwa na mpira. Kauboi anayepambana na mazombi peke yake si gemu ya kubishania huku watu wamepanga foleni kwenye benchi wakingoja zamu. Ndiyo maana wapo wengi Dar waliomaliza Red Dead Redemption na hawajawahi kuigusa Undead Nightmare, nyongeza yake ya mazombi, ingawa kwenye matoleo ya sasa zinauzwa pamoja na unachagua uanze na ipi pale pale gemu inapofunguka. Wanakosa uhondo. Kwa upande wa mapigano, nyongeza hii imeipita gemu mama, na sababu yake ni moja: hapa kila risasi ina thamani.

Ilitoka Oktoba 26, 2010, miezi mitano baada ya gemu mama, kwa ajili ya PS3 na Xbox 360. Novemba mwaka huo huo ikatolewa kwenye diski yake yenyewe isiyohitaji gemu mama. Ramani haikubadilika: New Austin, West Elizabeth, na ng'ambo ya mto upande wa Meksiko unaoitwa Nuevo Paraíso, mwaka 1911. John Marston, kauboi unayemwongoza, ni yule yule, kwa sauti ile ile ya Rob Wiethoff. Si lazima uwe umemaliza gemu mama ili uelewe, ila ukijua Uncle, yule mzee anayeishi nao shambani, ni nani na John alihangaika kiasi gani kuirudisha familia yake, usiku wa kwanza utakuuma zaidi.

Usiku huo umetengenezwa kwa ustadi. Mvua inanyesha, John amerudi shambani, familia inakula chakula cha jioni na Uncle haonekani. Wakishalala, Uncle anaingia ndani akiwa si mtu tena na kumng'ata Abigail, mke wa John. John anampiga risasi Uncle, lakini Abigail naye ameshabadilika na kumng'ata mtoto wao, Jack. John hawezi kuwaua. Anawafunga kamba mikono na miguu kama ndama wa kutiwa chapa, anawafungia chumbani, anapanda farasi kwenda kutafuta dawa. Kamba ile ile uliyoitumia gemu nzima kufungia wahalifu sasa imemfunga mkeo. Kuanzia hapo huhitaji kuelezwa kwa nini John anahangaika.

Kwenye gemu mama ulikuwa na dola mfukoni, na ukiishiwa risasi ulikwenda duka la bunduki. Hapa hakuna duka linalouza na fedha haina kazi. Risasi ndiyo hela. Unaipata kwa kupekua maiti, kwenye masanduku yaliyofichwa mijini, na kutoka kwa watu wa mji uliouokoa. Unaitumia kujilinda njiani, kusafisha miji, na kuwagawia manusura wanaopiga kelele kwamba wameishiwa. Matumizi hayo matatu hayawezi kutoshelezwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila dakika unapiga hesabu. Mchezaji aliyezoea kumwaga risasi ovyo anafika Blackwater, mji wa kwanza, na kuondoka na mifuko mitupu.

Tatizo lake karibu siku zote ni kulenga. Zombi anauawa kwa kichwa. Ukimpiga kifuani anayumba, pengine anaanguka, halafu anakuja tena, na umeshapoteza risasi tatu kwa kazi ya moja. Sasa angalia pedi inavyofanya kazi: ukibonyeza kitufe cha kulenga, gemu inajishikiza yenyewe kwenye kiwiliwili. Ukifyatua hapo hapo umepiga kifua. Sukuma kijiti cha kulia juu kidogo sana, kama vile unakipapasa tu, alama ipande kutoka kifuani hadi usoni, ndipo ufyatue. Ukisukuma kwa nguvu, kule kujishikiza kunakatika na alama inapaa juu ya kofia. Mkono ukishazoea, inakuwa mtiririko mmoja: bonyeza, papasa, fyatua, achia, kwa anayefuata.

Kwenye mipangilio kuna aina tatu za kulenga: Casual, Normal na Expert. Anza na Normal. Expert inaondoa kabisa kujishikiza na haifai kwa pedi mpaka uwe na mkono mtulivu. Anayecheza kwenye kompyuta kwa mausi ajue kwamba vichwa vinakuwa rahisi mno, na uhaba wa risasi, ambao ndio utamu wenyewe, unapungua makali. Kompyuta ikiwa nzuri, bado chomeka pedi.

Dead Eye, ile nguvu ya kupunguza kasi ya dunia ukibonyeza kijiti cha kulia, ipo pia, na kipimo chake hujaa kadiri unavyoua. Wengi huiweka akiba kwa ajili ya hatari kubwa na mwishowe hawaitumii. Itumie kama mashine ya kubana matumizi: kundi la mazombi watano au sita likikusogelea, weka alama kwenye vichwa vyao vyote, risasi sita zinamaliza sita. Ukipambana nao kwa mwendo wa kawaida, utatumia mara mbili ya hapo.

Mwenge nao watu wanaudharau. Hauli risasi. Ukimgonga zombi nao anashika moto, na moto unamuua. Kasoro ni kwamba anayewaka bado ana hatua chache za kutembea, kwa hiyo gonga kisha rudi nyuma. Ukimng'ang'ania utaungua wewe. Kwa zombi mmoja mmoja barabarani usifyatue hata kidogo, tumia mwenge.

Mazombi wenyewe ni wa aina nne. Wa kawaida ndio wengi. Mnene, Bruiser, anakuvamia kwa kishindo kama ng'ombe dume na kukuangusha chini ukiwa katikati ya wenzake. Mkwepe kwa pembeni, kisha mpige kisogoni anapojigeuza. Retcher anatema tindikali ya kijani kutoka mbali, na huyu lazima auawe kwanza hata kama kuna wengine karibu zaidi, kwa sababu anaharibu hesabu zako zote ukiwa juu ya paa. Bolter anakimbia kwa miguu na mikono, yuko chini, anayumba huku na huku. Wengi wanamaliza risasi kwa huyu. Mwache afike karibu, mpige kwa shotgani.

Kati ya silaha mpya, Blunderbuss ndiyo inayostahili kusifiwa kwa sauti. Ni bunduki pana ya zamani inayoshindiliwa viungo vya mazombi uliowapekua. Inafyatua mara moja, kisha inachukua muda mrefu kujazwa, lakini chochote kilichokuwa mbele yake kinasambaratika. Angalia inavyoingia kwenye uchumi wa gemu: maiti unayempekua kutafuta risasi ndiye anayekupa pia shindilio la bunduki. Hakuna kinachotupwa. Maji ya baraka yanarushwa kwenye chupa na kuwasha moto wa bluu, mazuri kwenye mlango mwembamba ambako wanasongamana. Chambo kinawakusanya mahali pamoja, na kile chenye baruti kinawakusanya kisha kinalipuka. Chambo cha baruti usikirushe karibu na manusura, kwa maana mazombi watakaokimbilia hapo watapita juu yao kwanza.

Miji ndiyo moyo wa gemu na ndiyo pia sehemu yenye kasoro kubwa. Ukifika mji unaoshambuliwa, Armadillo kwa mfano, unakuta manusura wachache wametawanyika, mwingine juu ya paa, mwingine kibarazani. Usianze kupiga. Zunguka kwanza na kufungua masanduku ya risasi, kisha sogea kwa kila manusura na umpe risasi kwa kitufe kinachoonyeshwa. Inauma kutoa ulichokipata kwa shida, lakini manusura mwenye risasi anapiga mfululizo, na kwa pamoja wanaua wengi kuliko wewe. Risasi ulizogawa zinakurudia mji ukiokoka. Halafu panda juu ya paa ukiwa na bunduki ya masafa marefu. Mazombi hawakufikii kirahisi hapo, ila usijisahau: wewe ukiwa salama juu, wa chini wanaliwa, na wakiisha wote mji umeanguka.

Mji ukiokoka unapata nyumba salama ya kulala, na kulala kunahifadhi mchezo. Kila usingizi unasogeza saa sita mbele, na miji haikusubiri. Baada ya muda ujumbe unakuja kwamba mji fulani umevamiwa tena. Mara ya kwanza ni jambo la kusisimua. Mara ya tano, ukiwa Meksiko na mji unaolia uko upande wa pili wa ramani, ni adha tupu, na hapa Rockstar, watengenezaji wa gemu, walikosea kipimo. Njia ya kulipunguza ni kutojaribu kuishikilia ramani nzima kwa wakati mmoja. Okoa miji iliyo kwenye njia ya hadithi, fuata misheni, na kazi ya kusafisha kila kona iache mwishoni, ukiwa umeshajaza Blunderbuss na chupa za maji ya baraka. Ukiwa New Austin usikimbilie kengele ya Blackwater isipokuwa unakwenda huko kwa shughuli nyingine.

Makaburini sheria ni nyingine kabisa. Huko majeneza ndiyo yanayowatoa, kwa hiyo choma majeneza kwa mwenge kwanza, huku ukiwakwepa waliokwisha kutoka. Anayesimama kuwapiga wanaotoka bila kuchoma atapiga hadi asubuhi.

Farasi wa kawaida ni adimu, wengi wameshakuwa mazombi. Ukipanda farasi zombi atakuvuta kushoto na kulia bila kukusikiliza, na kwenye njia za milimani hilo linaua. Tembea naye uwanda wa wazi tu. Wanaotafutwa ni wale wanne wa kale: War, anayewasha moto mazombi walio karibu naye, Famine, asiyechoka, Pestilence, ambaye ni mgumu kufa, na Death, ambaye akimgusa zombi kichwa kinapasuka. Ukimpata Death, safari zako hazigharimu risasi hata moja. Wanakamatwa kwa kamba kama farasi mwingine yeyote, na wanahitaji mkono mtulivu kwenye kijiti mpaka wakubali. Farasi wako wa sasa aandaliwe awe amepumzika kabla ya kuanza kuwafukuza, maana akichoka katikati umewapoteza.

Hadithi yenyewe ni ya saa sita au saba. Chanzo cha janga kikishajulikana inakimbizwa haraka kuliko ilivyostahili, na baadhi ya misheni ni kutumwa tu: nenda kachukue, rudi, nenda tena. Misheni za watu waliopotea, ambazo unawatafuta ndugu na kuwarejesha mjini kwao, zimejirudia mno. Fanya mbili tatu, zilizobaki uzikute njiani.

Lakini ipo moja ya kando isiyopaswa kukosa mtu. Anayetaka kukutana nayo mwenyewe aruke aya hii. Kule msituni Tall Trees mwindaji anakuomba uwaue viumbe wakubwa wenye manyoya, akidai wanakula watoto. Unawafuatilia mmoja mmoja kati ya miti, hawana hata kawaida ya kupigana sana, wanakimbia. Wa mwisho hakimbii. Amekaa chini ya mti analia, na anaongea. Anasema jamii yake wanakula matunda ya porini na uyoga, na kwamba sasa amebaki peke yake. Anakuomba umalize. Gemu haikuamulii, inakuachia bunduki mkononi. Hakuna zombi katika tukio zima, na bado ndilo linalobaki kichwani baada ya kuzima. Washa maandishi ya chini kabla ya kufika hapo, na kwa kweli yawashe tangu mwanzo, kwa sababu Kiingereza cha kauboi wa 1911 kinapita masikio haraka, na Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha.

Ukija kwenye kununua, ni vizuri kujua unachoshika kabla ya kutoa hela. Toleo la Agosti 2023 la PS4 na Switch, la kompyuta la Oktoba 29, 2024, na yale ya PS5, Xbox Series, Switch 2 na simu yaliyokuja Desemba 2025, yote yana gemu mama na Undead Nightmare pamoja. Huwezi kununua nyongeza peke yake. Yote hayana mchezo wa pamoja wa mtandaoni. Hii ni hasara ya kweli, kwa sababu Undead Overrun, ambako watu wanne wanapambana na mawimbi ya mazombi, ilikuwa ndiyo sehemu ya kucheza na washikaji, na imebaki kwenye matoleo ya zamani tu.

Bei ya PS4 na kompyuta ilipotoka ilikuwa dola 49.99. Kwa fedha yetu hiyo ni zaidi ya laki moja na ishirini, na kwa gemu ya 2010 ni ghali. Kwenye kompyuta subiri punguzo la katikati ya mwaka au la Desemba pale Steam, duka la gemu la mtandaoni. Aliyenunua ya PS4 kwa njia ya mtandao anapata ya PS5 bila kulipa tena. Kwa simu, mwenye usajili wa Netflix anaicheza bila malipo ya ziada, ila kulenga vichwa kwa kidole kwenye kioo ni shida. Unganisha pedi ya bluetuthi.

Kompyuta inahitaji angalau kadi ya picha ya GTX 960 au R7 360, prosesa ya i5-4670, RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 12. Laptop za ofisini zilizotumika, zile EliteBook na Latitude zilizojaa madukani Kariakoo, nyingi hazina kadi ya picha ya kujitegemea, kwa hiyo i5 iliyoandikwa kwenye stika isikudanganye. Fungua Device Manager mbele ya muuzaji, angalia Display adapters. Ukiona Intel HD peke yake, hiyo si ya gemu hii. Weka bando kubwa kuliko GB 12, kwa sababu juu ya gemu kuna programu ya Rockstar inayojisasisha na kukutaka uingie kwa akaunti mara ya kwanza. Na kwa joto la Dar, hasa Januari na Februari, zuia fremu zisizidi 60 kwa sekunde. Feni ikipiga kelele muda wote kadi inajipunguzia kasi yenyewe, na picha inaanza kukwama katikati ya kundi la mazombi, mahali pabaya kuliko pote.

Wenye PS3 bado ni wengi, na huko diski ndiyo njia rahisi. Tafuta diski iliyoandikwa Undead Nightmare yenyewe, au ile ya Game of the Year ya 2011 yenye gemu zote mbili. Ukinunua diski ya gemu mama peke yake ukitegemea kupakua nyongeza, utakutana na vikwazo viwili. Kwanza, diski ya PS3 inacheza popote lakini nyongeza lazima ilingane na kanda ya diski: namba ya ubavuni ikianza na BLES ni ya Ulaya, BLUS ni ya Marekani, na akaunti yako lazima iwe ya upande huo huo. Pili, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za akaunti za PlayStation, na duka la PS3 halipokei tena kadi ya benki moja kwa moja. Njia rahisi ni kununua kadi ya zawadi ya nchi ile ile ya akaunti. Kadi ya Uingereza kwenye akaunti ya Marekani haifanyi kazi, na muuzaji akishakukwangulia namba hairudishwi.

Diski ya Xbox 360 inakubali kwenye Xbox One na Series X, lakini mashine haisomi gemu kutoka kwenye diski. Inaitumia kama ufunguo, halafu inapakua gemu yote mtandaoni. Series S haina sehemu ya diski kabisa.

Mwenye kibanda anayetaka kuiweka aifungulie kila mteja jina lake kwenye PS4, la sivyo wa pili atalala juu ya mchezo wa wa kwanza na kuufuta. Na popote unapochezea, weka UPS ndogo, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika mji ukiwa unashambuliwa, unarudi pale mchezo ulipohifadhiwa mara ya mwisho, risasi ulizozitoa kwa manusura zikiwa mfukoni na manusura wakiwa bado hawajapewa. UPS ikilia, acha mapigano, kimbilia nyumba salama iliyo karibu, lala, kisha zima.